Mteremko wa nusu na kaburi la Jabiri

Doreen, nimejifunga mwenyewe. Mwenyewe kabisa!

Tulikuwa shambani Mandawa, mimi, shemeji Abdulatifu, mwenyekiti wa kijiji na majirani, kupima mpaka. Miaka yote tulijua safu ya mikorosho ndiyo mpaka. Leo shemeji kaja na karatasi ya kijiji inayoonyesha vigingi viwili vya mpaka. Mwenyekiti akauliza nani anajua hesabu. Nikanyoosha mkono. Mimi, niliyekaa kimya tangu mume wangu Jabiri azikwe!

Kutoka kisimani, kigingi cha kwanza kiko hatua 10 mashariki na 20 kaskazini. Cha pili, 50 na 40. Nikatoa, nikagawanya: 20 kwa 40. Mteremko ni nusu. Ukienda hatua mbili mashariki, mstari unapanda moja kaskazini. Wakanipigia makofi.

Shemeji akasema, "Sasa tupimie na kaburi la kaka."

Kaburi, Doreen! Hatua 30 mashariki, 27 kaskazini. Mstari hapo unapita kwenye 30. Shamba letu liko kaskazini ya mstari. Jabiri yuko kusini, hatua tatu ndani ya shamba la mdogo wake.

"Hujakosea, mwanangu?" mwenyekiti akauliza.

Nikarudia. Nusu. Nikarudia tena. Nusu.

"Umepima mwenyewe, shemeji. Kesho naweka uzio. Ukitaka kumzuru, utaniomba ruhusa."

Kisha wakatafuta wa kuandika makubaliano. Kalamu wakanipa mimi, eti ndimi msomi.

Nimeandika, Doreen. Nimetia na sahihi.