Seva Yangu Inahudumia Dunia Nzima, Kamachumu Wanakosa Dawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinicheke mpaka nimalize. Mimi kijana wa Bakoba, kompyuta nimejifundisha mwenyewe, na kwenye duka la intaneti la mzee Suryakant mimi ndiye natunza seva ya DNS, ile mashine unaipa jina la tovuti inakutafutia namba ya kuifikia, sasa niliiacha imjibu yeyote popote alipo, maana kwetu mgeni akibisha hodi anapewa punje za kahawa atafune kwanza, maswali baadaye, na nilijisikia raha kweli kuona watu wa Poland wananiuliza mimi Ishengoma, kumbe wamejaa mpaka laini ya setilaiti ya duka imekabwa, mzee akafoka, "Ishengoma baba, hapa duka au hoteli ya bure? Funga!", nikafunga kwa hasira, nikabakiza kompyuta za dukani tu, duka likapona, kumbe zahanati ya Kamachumu nayo inatumia seva hiyohiyo kutoka kwao huko, nesi Georgina akapiga simu, "Waitu, ndugu yetu, umetufanya nini? Dawa naziagizia kwa barua pepe, na za dada yako Kokubanza zinakwisha Ijumaa!", sasa nikifungua wageni wanarudi, nikifunga dada yangu anakosa dawa za kurefusha maisha, nifanyeje?

Ishengoma, pole. Na hongera kwa umaarufu wako Poland, watakuletea rambirambi.

Nani kakwambia mlango ni wa kufungulia wote au kufungia wote tu? Hata wakati wa vita, mizinga inalia, mama zetu walijifungia ndani, lakini jirani akigonga walimfungulia. Mgeni anayebisha hodi ili akutume sokoni kutwa nzima huyo si mgeni, ni bosi asiyelipa!

Kwenye mipangilio ya seva, andika namba za mtandao za wanaoruhusiwa kutafutiwa tovuti yoyote: kompyuta za dukani na laini ya Kamachumu. Namba ya Kamachumu waulize wanaowauzia laini ya intaneti, na wahakikishe haibadiliki. Wengine wa nje wajibiwe kuhusu tovuti ya duka lenu tu, kama mnayo. Wakiulizia kwingine, wakatalie, wala hutalaaniwa.

Lakini kwanza, fundi mkubwa, simu ya Georgina si inafanya kazi? Mpigie sasa hivi akusomee oda, uitume wewe hapo dukani ambako intaneti imepona. Halafu panda gari, nenda Kamachumu ukajaribu kwenye kompyuta yao. Usiniambie imekubali wakati umekaa Bakoba. Siku Kokubanza atakapokuwa na dawa zake mkononi, hapo ndipo utasema unajua kompyuta.