Barua ya Bima Imeenda kwa Baba

Mtaa wa Kline 418,
Duluth, Minnesota.
11 Februari 2023.

Mpendwa Shangazi Arlene,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Kifua kinaendeleaje huko Tucson? Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye mzima, bado yuko kazini relini na bado hataki kuvaa kofia. Nakuandikia kwa sababu simu unaisikia nusunusu, na jambo lenyewe si la kupigiana kelele.

Shangazi, tangu Oktoba ninakwenda kwa mshauri wa saikolojia, Bi. Okerlund, mwenye ofisi juu ya duka la rangi. Kila Jumatano nakaa naye dakika hamsini, namweleza habari za ndugu yangu Eric. Baba sijamwambia. Unamjua ndugu yako: tangu ziwa lituchukulie Eric, jina lake halitajwi mezani. Asubuhi ile Baba ndiye aliyetoboa barafu ya ziwa akaipima unene, akasema inabeba mtu. Akijua namlipa mtu anisikilize nikisimulia siku hiyo, ataona namshtaki.

Bado nimo kwenye bima ya afya ya Baba, maana pale ninapooka mikate hawatoi bima. Nilianza na washauri walio kwenye orodha ya wanaolipiwa na bima, nikapiga simu kumi na moja. Wengi hawapokei watu wapya, mmoja alinipangia Agosti, na mwingine ameshafariki, simu akaipokea mjane wake, tukaishia kupeana pole. Bi. Okerlund hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo namlipa kutoka mfukoni mwangu, dola mia na kumi kila mara, na hapo amenipunguzia arobaini. Nimeuza ski zangu za kutelezea thelujini, na mchana nakula mikate iliyobaki kazini.

Desemba Bi. Okerlund alinipa risiti, akasema nikizipeleka bima huenda wakanirudishia sehemu. Nilizituma zote siku ileile, nikijiona mjanja. Sikuuliza majibu yanakwenda kwa nani. Jumatatu iliyopita nikapiga simu kuulizia hela zangu, na bwana wa bima akanijibu kwa upole, "Dada, barua na hundi vinaenda kwa mwenye bima. Vimetoka tangu Ijumaa. Kuna fomu ya kuomba vije kwako, hukuijaza?"

Fomu yenyewe ndiyo kwanza naisikia. Mwenye bima ni Baba, na barua hiyo inataja jina langu, tarehe zote, jina la Bi. Okerlund na kazi yake.  Tangu siku hiyo simu ikilia naruka. Mara mbili nimeendesha gari kuelekea kwa Baba nikidhani nitaiwahi barua sandukuni, na mara zote mbili nimegeuza gari kabla sijafika. Naona aibu kukwambia, lakini nimefanya hivyo.

Jumapili, tarehe 12.

Jana niliishia hapo. Leo mchana Baba amekuja, bahasha mkononi, imeshafunguliwa. Akaiweka hundi mezani bila kuvua buti zake.

"Hii ni yako," akasema. "Wameniandikia mimi, nimeshatia saini nyuma."

Nikamkaribisha supu ya mchele mwitu. Akaimaliza yote.  Aliposhika mlango ndipo akauliza, macho kwenye kitasa.

"Huyo mama, umemwambia nani alipima barafu?"

"Nimemwambia, Baba."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama wewe unapata usingizi."

Akasimama pale mlango wazi, baridi yote inaingia, na mimi sikuthubutu kumwambia aufunge. Kisha akasema taratibu, "Mwambie silali," akateremka ngazi.

Shangazi, miaka miwili hii sijawahi kumsikia akisema neno lolote juu yake mwenyewe. Wiki nzima nilikuwa namwogopa, na sasa namwogopea. Wewe ndiye dada yake, na barua zako huzisoma mara mbili. Nakuomba umwandikie leo hii, usingoje. Habari za bima usizitaje. Mwandikie habari za Eric, kwa jina lake.

Nisalimie mumeo Gordon na binamu Marlys. Mungu akupe pumzi nyepesi, na atulindie Baba, huyu mmoja tuliye naye.

Wako akupendaye,
Britta