Kengele ya Asubuhi ya Mama Yako

Kibanda cha Fundi Saa,
Nyuma ya Kinyozi.
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, Daktari wa Simu,

Pokea shikamoo yangu, maana siku hizi umetupita sote kwa ukubwa: unatibu watu ukiwa mbali, bila hata kuwashika mkono. Hujambo lakini? Mgongo bado unakusumbua kwa maboksi ya ghala? Mkeo je, na yule mchanga, ameota jino? Sisi huku tunapumua. Mimi nina macho mawili na magoti mawili, na katika hivyo vinne, kimoja na nusu ndivyo vinavyofanya kazi.

Kwanza nikupe habari ya ushujaa. Ile chupa ya vidonge uliyomtumia mama yako nimeinyakua na kuitupa jalalani mbele ya macho yake, naye hakuthubutu kufungua mdomo.

Haya, nimedanganya. Nani katika ukoo huu ana kifua cha kumnyang'anya dada yangu kitu? Chupa iko kabatini kwake, imefunikwa kitambaa cheupe, inatunzwa kuliko mimi. Nimeanza na uongo makusudi, ili nikuulize: na yale uliyomwambia wewe, kwamba homoni hii ya asili inamaliza saratani, uliyaokota wapi? Usinune. Mjomba ana ruhusa ya kuuliza.

Ningekupigia, lakini simu yenye salio iko kwa mama yako, naye husikia hata mbu akipiga chafya. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa lori anayekuja huko. Ameapa itakufikia Ijumaa.

Sasa sikia nilivyoingiwa na shaka. Wiki iliyopita mama yako alinijia kibandani na ile saa yake ya kengele, ya kutia ufunguo. Tangu alipopasuliwa titi niliitega ilie saa moja, ili asubuhi imkumbushe kidonge cha hospitali. Saa za namna ile hazijui asubuhi wala jioni, kwa hiyo hulia mara mbili. Mlio wa jioni ulikuwa wa bure tu, mpaka chupa yako ilipokuja ukapata kazi. Akaiweka mezani.

"Kaka, uondoe huu mlio wa asubuhi. Niachie wa jioni."

"Saa si mbuzi, nikate sikio moja nikuachie jingine. Kwani asubuhi imekukosea nini?"

"Inanisuta."

Akaichukua saa yake, huyoo. Mpwa wangu, shule sikuimaliza, mwalimu wa hesabu ndiye aliyenimaliza. Ila miaka arobaini nafungua saa za watu, na hili nalijua: saa haimsuti mtu aliyefanya linalompasa.

Kesho yake nikaenda chumbani kwake kuazima uzi, nami sina hata kifungo cha kushona. Alipogeuka nikafungua droo. Pakiti mpya ya hospitali ilikuwa nzima, haijatobolewa popote. Akanikuta nimeishika.

"Mzee mzima unapekua droo za wanawake!"

"Na mwanamke mzima anaficha dawa kama mtoto! Kwa nini humezi?"

Ndipo akanieleza, na haki ya Mungu, ningekuwa mjinga kidogo zaidi ningemkubalia. Hospitali walimwambia kwamba uvimbe wake ulikuwa unalishwa na homoni, na kidonge cha asubuhi ni cha kuizuia, kila siku, miaka mitano. Wewe ukamtumia kidonge ambacho chenyewe ni homoni. Akafikiri: kimoja kinafungua mlango, kingine kinaufunga, vikikutana tumboni, cha hospitali kitakiua cha mwanangu. Basi akachagua cha mwanawe. Siku kumi na mbili bila cha hospitali!

Nikataka kumjua adui yangu. Nikaiba kidonge kimoja, nikakimeza na chai ya saa nne. Mteja alinikuta nimelala kifudifudi juu ya saa yake, lenzi ingali jichoni, nakoroma. Sasa mtaa mzima unaniita Betri Imekwisha. Kwa hiyo nakiri, kidonge chako si chaki. Kinalaza. Kwamba kinaua saratani, hilo sikuliota.

Juzi nikamburuta mama yako hospitali. Daktari ni binti mdogo, na nikamshuku naye, maana kila fundi humwambia mteja kwamba fundi wa kwanza ndiye aliyeharibu. Nikamuuliza, "Binti, na wewe unauza vidonge gani?" Akacheka. Akatueleza kwamba mwilini homoni ziko nyingi, kila moja na kazi yake. Inayozuiwa na kidonge cha hospitali ni ile ya kike. Hii yako inaitwa melatonini; mwili wenyewe huitoa giza likiingia, kujiambia kwamba wakati wa kulala umefika. Yaani kila mtu ana fundi saa kichwani, na wala halipi kodi ya kibanda! Akasema ni kweli wataalamu wanaichunguza, na huko maabara imeonyesha dalili za kutia moyo. Kwa wagonjwa wenyewe, bado haijathibitika.

"Na ikithibitika?" mama yako akadakia.

"Itakuwa msaidizi, mama. Haitachukua nafasi ya hiki. Hiki usikose hata siku moja. Hicho kingine kiweke kando kwanza, uniletee hiyo chupa niione."

"Lakini wewe unaonaje, kitafaa?" nikamchokoza.

"Sijui bado, babu."

Hapo shaka yangu juu yake ikapungua. Mchuuzi wa maneno hana "sijui" kinywani. Wewe ujumbe wako wa sauti, ule uliomtumia mama yako pamoja na chupa, nimeusikiliza mara tatu, na neno hilo sikulisikia.

Mama yako aliitikia ndiyo, ndiyo, mpaka shingo ikachoka. Lakini chumba chake na changu vinagawana ukuta. Jana saa moja jioni kengele ililia hadi vikombe vyangu vikatetemeka. Leo saa moja asubuhi nimeisikia kama mtu anayekohoa ndani ya gunia. Ameizika chini ya mto wa kulalia. Hajameza.

Nimekaa nikatafuta sababu. Si ubishi tu, ingawa wa kwetu anao. Miaka sita hujakanyaga hapa, na chupa ile ndiyo kitu cha kwanza ulichomchagulia kwa mkono wako. Akiiweka kando, anaona amekuweka kando wewe. Mimi naweza kubishana na daktari, na kinyozi, na hata na uvimbe. Ila hilo siliwezi.

Mnisalimie mchanga, mumfinye shavu kwa niaba yangu. Kinyozi anakusalimu, anasema nywele zako anazikumbuka, ila hana hakika kama bado unazo. Mama yako mkubwa, yule mshonaji, naye anakusalimu sana. Habari za chupa sijamwambia, maana angeagiza na yake. Mungu akulinde, akupe kazi isiyovunja mgongo, na akuongezee shaka kidogo, haina madhara.

Sasa ombi dogo. Unakumbuka ulipoifungua saa ya mwalimu mkuu ukashindwa kuirudisha, nami nikasema ni mimi niliyeiharibu? Saa za shule ile sikupewa tena kutengeneza, na fadhila ile sikuwahi kuidai. Leo naidai. Jumamosi, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, mpigie mama yako. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, na kwamba akimeza cha hospitali hatakuwa amekukataa wewe. Kisha usikate simu mpaka umsikie akinywa maji. Mimi nitakuwa nimebandika sikio ukutani, nasikiliza kama kengele italia wazi.

Mjomba wako, akupendaye hata akikushuku,
Fundi Saa (Betri Imekwisha)