Mugomba Tuliouzika Badala ya Musafiri

Kabambare, tarehe 9 juni 2024

Mpendwa yaya Théophile, kaka yangu mukubwa,

Amani ya Bwana iwe mu nyumba yako huko Lubumbashi. Wifi Olga, mugongo wake umepona? Watoto wanasoma? Sisi tuko. Mihogo imekubali mwaka huu, ni magoti yangu tu hayataki tena njia ya shamba.

Yaya, kwa simu ningeshindwa kusema. Aibu iko inanikula.

Unamukumbuka Musafiri, mutoto wa baba mukubwa aliyekuwa mwami, mutawala wetu, yeye ndiye aliyepaswa kurithi kiti. Waasi walipoingia hapa alikuwa na miaka munane, akapotea mu pori. Tulingoja, tukachoka, tukazika mugomba badala yake na kulia matanga. Basi, iko muzima! Alikuja mwezi uliopita kutoka machimbo ya zahabu ya Lusangi, mutu mwenye ndevu.

Hakuomba kiti. Aliomba tufukue ule mugomba, hata kama ulishaoza, udongo wake utoke. Unajua desturi yetu: aliyezikwa haingii kwa mama yake mpaka afukuliwe. Mama mukubwa Euphrasie, kipofu sasa, alisikia sauti yake kule nje akaanza kupiga vigelegele. Wakamunyamazisha.

Baba mudogo Hervé, anayekalia kiti leo, akatukusanya wote. Akauliza, "Nani anamujua mutu huyu?" Musafiri akaniangalia mimi. Mukononi iko na lile kovu la bugali ya moto niliyomuangushia tukiwa watoto. Nililiona wazi kabisa! Nikatazama chini, kwa sababu Hervé ndiye alimutafutia mutoto wangu Glody kazi ya ualimu. Na wengine wakafanya vilevile. Eti damu nzito kuliko maji! Yetu siku ile ilikuwa maji matupu, yaya.

Musafiri akaenda zake. Kisha nikasikia iko Kasongo. Nikapanda pikipiki, nikamukuta sokoni akinunua chumvi. Nikaita, "Musafiri, ndugu yangu!" Akanijibu kwa upole, kama anamujibu mugeni: "Musafiri alikufa, mama. Uliza familia yake, ndiyo ilimuzika."

Wewe ndiye mukubwa wetu. Njoo. Jembe nitashika mimi, lakini kusimama peke yangu mbele ya Hervé ninaogopa. Mama mukubwa haulizi tena kama yule alikuwa mutoto wake. Kila asubuhi ananiuliza tu kama yule mugeni amekula.

Unisalimie Olga, Grâce na Joël. Mungu akufungulie njia, na aibu yetu isiwafikie watoto wako.

Wako akupendaye, hata kama leo sistahili,
mudogo wako Victorine