Shamba la Chini ya Ndiva

Gonja, 4 Februari 2024

Anold,

Salamu. Natumaini Esther na watoto hawajambo huko Kihurio. Sisi tupo. Masikio yangu yamekufa kabisa, hata simu siisikii, ndiyo maana unapata barua.

Siandiki kwa kupenda. Nimetumwa na wakili. Naandaa wosia, na wakili ni binti wa Kimasai, Naisiae, mwenye ofisi Same mjini. Kwa kuwa sisikii, ananiandikia kwenye daftari nami namjibu kwa mdomo. Nilimwambia kila kitu kinakwenda kwa mdogo wako Rodgers, pamoja na shamba la chini ya bwawa la ndiva, na wewe hupati kitu. Akaandika: "Mzee, anayenyimwa lazima aambiwe sababu na apewe nafasi ya kujitetea. Ukimnyima kimya kimya, wosia unaweza kubatilishwa mahakamani." Nikamwambia hatujasemeshana tangu 2015. Akaandika: "Basi mwandikie."

Sababu ni moja. Mwaka 2019 mama yako Dorkas alilazwa siku kumi na moja hospitali ya hapa Gonja, akafa, na wewe uliyeko hapo chini ya mlima hukuja kumuuguza. Ugomvi wetu wa maji siuhesabu. Ulifungua bwawa la ndiva siku isiyo zamu yako, nami katibu wa maji nikasoma jina lako mbele ya mkutano. Ukaondoka. Hilo limeisha. La mama yako halijaisha.

Ukiwa na la kujitetea, lifike kabla ya tarehe 31 Machi.

Baba yako,
Fanueli

*

Gonja, 9 Aprili 2024

Anold,

Hatujambo. Mvua zimeanza vizuri. Jibu lako sikuliona. Wosia nimeutia saini tarehe 3 mbele ya mpwa wangu Aminieli na Mwalimu Swalehe. Wakili alitaka shahidi mmoja ndugu na mmoja asiye ndugu, wote wasiorithi. Nakala anayo yeye.

Sina zaidi.

Baba yako,
Fanueli

*

Kihurio, 20 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Hatujambo, na Esther anakusalimu. Mpunga tumeshapandikiza.

Barua yako ya kwanza ilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Niliona mwandiko nikasema, huyu anataka kunisomea jina tena. Ya pili ilipofika Esther akasema, "Usipofungua wewe nafungua mimi, na nitaisoma kwa sauti majirani wafaidi." Nikazifungua zote siku moja. Tangu siku hiyo nimeshika kalamu na kuiweka miezi miwili.

Sitetei shamba, limeshakwenda. Nataka ujue tu. Mama alipolazwa, baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji, lilikuwa limelia na kijiji kizima mlikuwa mnazibua ndiva, asubuhi mpaka alasiri, siku nne. Siku hizo nne nilikuwa naye. Nilipanda na gari la kwanza na kushuka kabla hujatoka kazini. Nilimwambia nikusubiri. Akasema, "Mkikutana hapa mtagombana, na mimi sina nguvu ya kuamulia. Nenda. Atakutafuta mwenyewe." Muulize nesi Jenifer.

Siku ya mazishi nilifika mpaka njia panda ya kwenu, nikasimama hapo mpaka watu wakatawanyika, kwa sababu ulisema nisikanyage kwako. Hilo ni kosa langu. Ningekanyaga.

Mwanao,
Anold

*

Gonja, 14 Julai 2024

Mwanangu Anold,

Marahaba. Nakusalimu sana, na mke wako, na wajukuu zangu, ambao majina yao niliyajua kwa watu wengine.

Nilikwenda hospitali. Jenifer bado yupo. Aliniandikia nyuma ya bahasha, nayo ninayo: "Anold? Si yule aliyekuwa anafua kanga za mama yake na kuzianika pale nyuma? Wanawake wa wodini walimtania, 'Kijana, na zetu je?' Akafua na zao." Nikauliza siku ngapi. Akaandika nne. Nikarudi nyumbani kutazama daftari langu la msaragambo la mwaka ule. Siku nne. Daftari hilo limekaa chini ya kitanda changu miaka mitano.

Miaka ishirini ya ukatibu sikuwahi kusoma jina la mtu mkutanoni kabla ya kumwuliza yeye kwanza. Wewe sikukuuliza mwaka ule wa maji, na kwa habari ya mama yako nimekuuliza kwa kulazimishwa na wakili.

Nilishuka Same. Wakili akaandika: "Wosia hubadilishwa wakati wowote. Kaa, tuuandike upya leo." Nikakataa. Nilikunyima ukiwa hupo, nataka nikupe ukiwa umekaa kitini pale ninakuona. Akaandika: "Kisheria si lazima awepo." Nikamwambia kwangu ni lazima. Akaandika: "Mzee, naomba usichelewe," akapiga mstari chini yake.

Niambie lini.

Baba yako,
Fanueli

*

Kihurio, 3 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mbele ya watoto, na mdogo ameuliza kama babu ana ndevu.

Maji ya huku yanataka mtu kila siku. Nikiondoka sasa mpunga unakauka. Nitakuja nikishavuna: Jumanne, 15 Oktoba, saa nne, tukutane ofisini kwa wakili. Tumekaa miaka tisa, miezi miwili si kitu.

Mwanao,
Anold

*

Gonja, 2 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Naandikia mezani kwako, chumba cha pili. Kwa kuwa husikii, tuendelee na karatasi.

Leo ni siku ya ishirini na sita tangu uanguke. Mkono wa kulia haujarudi, wala ulimi. Daktari anasema macho yanaona. Kama yanasoma, hajui.

Jana wakili alipanda huku. Alikuandikia maswali matatu kwenye daftari. Ukamtazama yeye, daftari hukulitazama. Alirudia mara ya pili, kwa herufi kubwa. Nje akaniambia, "Kaka Anold, najua alichotaka. Lakini siwezi kuandika kwamba amesema." Wosia uliopo ni wa tarehe 3 Aprili.

Rodgers anasema, "Kaka, we lima tu, nani atatuuliza?" Namshukuru. Lakini tangu uanguke, zamu ya maji ya shamba lile imeshaandikwa jina lake.

Asubuhi baragumu lililia, nikaenda na sururu. Katibu wa sasa, Hezroni, akasoma majina, la kwangu halikuwemo. Akauliza, "Wewe umekuja kwa nani?" Nikasema, kwa Fanueli. Akaandika.

Mpunga nilivuna magunia mengi. Ningeuacha ukauke nije Agosti.

Barua hii naiweka mkono wa kushoto. Sitaki saini. Ukiisoma mpaka hapa, gonga ubao wa kitanda. Mimi nasikia.

Mwanao,
Anold