Miaka Miwili ya Ruwa

Kisauni,
S.L.P. 614, Mombasa.
12 Machi 1961.

Mpendwa Mjomba Elkana,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na watu wako wote, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi tunaendelea, ila baba mguu wake bado umevimba na kazini hajarudi. Mvua hazijaanza, na kisima chetu kinatoa maji ya chumvi.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukueleza jambo hili. Nitalieleza kama lilivyotokea, usije ukanidhania nimerukwa na akili.

Unajua kwamba mdogo wangu Nguma alikuwa akisomea ualimu huko bara, na miaka miwili alikwisha imaliza. Baba alipougua, Nguma aliomba ahamie chuo kilichoko upande wa Changamwe, amalizie mwaka wa tatu akiwa karibu nasi. Mkuu wa chuo, Mzungu aliyefika juzijuzi tu, alimjibu kwamba mafunzo ya kule na ya hapa hayalingani, basi miaka ile hawezi kumhesabia. Akitaka, aanze mwaka wa kwanza. Nguma akaona heri aende mwenyewe akamsihi uso kwa uso.

Nilimsindikiza. Jua lilikuwa limekwisha panda, na harufu ya matangi ya mafuta imetanda kila mahali. Mlinzi alipomwona Nguma alifungua lango bila kuuliza neno. "Umerudi, Ruwa?" akamwambia. Tukadhani amemfananisha. Lakini wanafunzi waliokuwa wakifyeka majani nao wakamwita Ruwa, na mmoja akamshika mkono akamwuliza mbona aliondoka bila kuaga. Mpishi akatoka jikoni akamwambia kwamba kitanda chake cha dirishani hakuna aliyekubali kukilalia. Mwanzo Nguma alikuwa akitabasamu. Baadaye nikaona anajifuta viganja kwenye suruali.

Ofisini tulimkuta Mwalimu Boga, anayefundisha kilimo, mtu mzima wa Rabai asiye na mzaha. Aliposikia kwamba Nguma anaomba miaka yake ihesabiwe, alishangaa. Akamwambia mkuu kwamba huyu hana haja ya kuomba. Amemfundisha yeye mwenyewe kwa miaka miwili, na ule muhogo ulioko nyuma ya madarasa ni mikono yake iliyoupanda. Wakaitwa walimu wengine, nao wakasema vivyo hivyo. Faili la Ruwa lilitafutwa, halikuonekana. Lakini mkuu alikuwa mgeni, na walimu wote walikuwa na neno moja.

Mwishowe alimwambia Nguma, "Kama wewe ni Ruwa, ingia mwaka wa tatu Jumatatu. Kama ni Nguma, anza mwaka wa kwanza. Nenda ukaamue wewe ni nani, kisha uje uniambie."

Njiani nilimshauri akubali. Baba hana mshahara, nilimwambia, na miaka miwili umeisoma kweli. Jina lina kazi gani? Tulipovuka daraja la Nyali alisema tu kwamba anataka kumwona mama.

Mama tulimkuta anakuna nazi. Tulipolitaja lile jina aliacha kukuna, akabaki ameketi juu ya mbuzi, mikono imelala mapajani. Ndipo akatuambia tusilolijua. Nguma alizaliwa pacha. Mwenzake aliitwa Ruwa, na alikufa kabla ya kubatizwa. Tangu siku hiyo jina lile halikutamkwa nyumbani kwetu, wala nje.

Baba alisikia yote akiwa chumbani. Aligeukia ukutani.

Nguma alirudi chuoni. "Mimi ni Nguma," alimwambia mkuu. "Ruwa ni ndugu yangu. Miaka yake siwezi kuichukua." Mkuu alimtazama sana, kisha akafanya tusilolitarajia. Alimpa darasa afundishe mbele ya walimu, akamtahini hesabu na Kiingereza, na katika ile miaka miwili ya bara akamhesabia mmoja. Kwa hiyo yumo mwaka wa pili. Analala kitanda kile cha dirishani, maana ndicho kilichokuwa kitupu. Anasema godoro limebonyea umbo la mtu, na yeye analienea sawasawa.

Jumapili iliyofuata mama alivaa nguo zake za kanisani akataka nimpeleke. Hakumwendea mkuu. Aliketi jikoni na mpishi, akamwuliza Ruwa alikuwa akila nini, kama alikuwa akicheka, kama aliwahi kuugua na nani aliyemwuguza. Mpishi alimjibu kwa upole. Alikuwa kijana mkimya, alisema, na kila siku alibakisha nusu ya chakula chake sahanini. Akiulizwa, husema ni cha ndugu yake aliye bara. Mama alilia kidogo, akamshukuru. Siku hizi anaimba akifagia uwanja.

Baba hataki kuulizwa. Lakini mama anasema wakati ule alikuwa na homa kali, hakuuona mwili wala kaburi, na kwamba ni wewe uliyekwenda na baba kuzika. Ndiyo sababu nakuandikia. Mjomba, uliuona uso wa mtoto, au ulipewa tu kitambaa kilichofungwa? Na alizikwa wapi? Lolote ulijualo, liwe zuri au baya, mwambie dada yako.

Ruwa aliondoka chuoni wiki ile ile Nguma aliposhuka garimoshi hapa Mombasa. Mlinzi anasema aliondoka kwa miguu, akauliza njia ya Kisauni. Mama hafungi tena komeo la mlango.

Nisalimie mkaza mjomba Nana, na Nzai na Mramba, uwaambie dada yao anawakumbuka. Nguma anakusalimu sana, na baba pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mwenyezi Mungu awalinde huko ugenini, na akupe moyo wa kutujibu.

Wako akupendaye, mpwa wako,
Kanze Ngumbao