Nilimvunja mke wangu gego, sasa hataki nimsindikize

Shangazi mshauri, shikamoo. Mke wangu Chausiku alipoteza gego la chini Jumapili tarehe 7 Agosti, saa nne asubuhi, na aliyelivunja ni mie mumewe, kwa koleo. Mie fundi friji hapa Temeke, kazi nimejifunza mwenyewe, nyumba ya vyumba vitatu nimeijenga kwa mikono hii, kwa hiyo jino lilipomuuma siku tano nikaona kipi kitanishinda, nikavuta, kichwa kikatoka, mizizi miwili iliyooza ikabaki ndani, shavu likavimba. Daktari wa meno kampa dawa uvimbe ushuke kwanza, halafu atamchoma ganzi, apasue fizi, achonge mfupa kidogo, aitoe mizizi, ashone. Siku ile nilipomwonyesha daktari nilivyokuwa nimelishika koleo, mkono wangu ukaanza kutetemeka, Chausiku akaushika mpaka tukatoka. Sasa upasuaji ni Alhamisi ijayo saa tatu, na anasema ataenda na dada yake Najat. "Baba Farhan, wewe ukija utamfundisha daktari kazi," ananiambia, na Najat anacheka. Shangazi, nimempikia uji siku tisa, vikombe vitatu kwa siku, haujaungua hata mara moja, nimemweleza mara nne kwamba koleo liliteleza, bado ananiacha nyumbani kama mgeni. Nimekosa nini tena?

Jamali, Temeke

Marahaba, Jamali. Pole, ila pole kubwa mpelekee mkeo. Friji ukikosea unaizima, unaanza upya. Mdomo wa mtu hauna swichi. Umenihesabia vikombe vya uji, nami nimeipitia barua yako mara mbili nikitafuta neno "nisamehe". Halimo. Kueleza kwamba koleo liliteleza ni kulisemea koleo. Halafu tazama ulichoandika mwenyewe: shavu lililovimba ni lake, aliyeshikwa mkono ni wewe. Siku ya kupasuliwa anataka aogope yeye, asiwe na kazi ya kukubembeleza. Hajakufukuza, baba. Anapumzika.

Muulize kama ukae benchi la nje, Najat aingie naye. Akikataa, baki upike. Akitoka ang'ate pamba, asisukutue siku hiyo. Maji ya chumvi ya vuguvugu yaanze kesho yake, na uji uupoze. Damu isipokata, au homa ikipanda, mrudishe kwa daktari, wewe usiguse kitu.

Hayo ni ya Alhamisi. Leo, kabla hamjalala, mwombe msamaha, na koleo usilitaje. Kisha barua yako inifikie Jumatano kabla ya saa sita mchana, neno moja linatosha: umemwomba, au bado?